Kutunza vichwa vya treni vya dizeli vya zamani: mwongozo kwa anayeanza kujitolea

Reli ya kwanza ya upana wa kawaida kuendeshwa na watu wa kujitolea nchini Uingereza, ile ya Middleton mjini Leeds, ilianza safari zake Juni 1960, na treni yake ya kwanza haikuvutwa na mvuke. Ilivutwa na kichwa kidogo cha dizeli kilichojengwa mjini humohumo mwanzoni mwa miaka ya 1930. Nalitaja hili mapema kwa sababu bado utakutana na watu, hata ndani ya makumbusho yenyewe, wanaoiona dizeli kama mtoto wa kambo: mvuke ndiyo historia, dizeli ni mashine tu. Huku wao wakisema hivyo, vichwa vya dizeli vya mwanzoni mwa miaka ya 1960 vimeshapita umri wa miaka 60, na mafundi waliovihudumia kazini wanazidi kupungua.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye amekubaliwa kwenye kikundi, ana viatu vya chuma na overoli, na anataka kujua kazi inaanzia wapi. Nitashika mfano mmoja, kichwa cha aina ya Class 37 cha kampuni ya Kiingereza ya English Electric. Vilijengwa 309 kati ya 1960 na 1965. Kimoja kina uzito unaozidi tani 100, injini ya V yenye silinda 12 na nguvu farasi 1,750, jenereta kuu, na mota sita, moja kwa kila ekseli. Cha kwanza kabisa, D6700, kimo kwenye mkusanyo wa Makumbusho ya Taifa ya Reli, yaliyofunguliwa York mwaka 1975. Vingine vingi viko mikononi mwa vikundi vya kujitolea. Msomaji wa kwetu ana sababu ya ziada ya kuvijua: katika miaka hiyohiyo Reli ya Afrika Mashariki ilinunua vichwa vya English Electric vyenye injini ya ukoo huohuo, vikaja kuvipokonya kazi vichwa vikubwa vya mvuke vya aina ya Garratt. Mzee aliyewahi kushika spana kwenye karakana ya Nairobi enzi hizo akifungua mlango wa chumba cha injini cha Class 37 hatajiona mgeni sana.

Kabla ya hatua zenyewe, jambo moja. Kichwa cha dizeli huharibika zaidi kikiwa kimesimama kuliko kikiwa kazini. Kazini kilipashwa moto kila siku, oili ilizunguka, betri ilichajiwa, unyevu ulikauka. Makumbusho kinakaa nje wiki kadhaa, kinanyeshewa, kinaganda usiku, kisha Jumamosi moja kinatakiwa kiwake mbele ya wageni. Adui yako, basi, ni maji: maji yaliyo mahali pasipo pake, na maji yaliyo mahali pake wakati wa baridi kali. Ukiona kikundi kinachopaka rangi kabla ya kuziba paa, jua watairudia kazi hiyo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kichwa hakisogei na hakikuui

Jiandikishe kwenye daftari la waliopo na umjue aliyekabidhiwa kichwa siku hiyo. Breki ya mkono ikazwe, kabari ziwekwe pande zote mbili za gurudumu, na kibao cha kukataza kukisogeza kitundikwe ncha zote mbili na kingine juu ya meza ya dereva. Aliyekitundika ndiye anayekitoa, hata kama ameenda kunywa chai na wenzake wote wanamsubiri. Swichi kuu ya betri izimwe. Ukienda kushika vyuma vya breki, toa kwanza hewa yote kwenye mitungi, kwa sababu breki inayojifunga yenyewe haichagui kati ya gurudumu na vidole.

Kisha uliza kuhusu asbesto. Vichwa vya kipindi hicho vilizibwa joto na kelele kwa asbesto, ndani ya kuta za kabini na za chumba cha injini. Vingi vilisafishwa baadaye na shirika la reli, lakini "vingi" si "vyote", na mabaki hukaa kwenye kona. Uingereza ilipiga marufuku kabisa matumizi yake mwaka 1999. Makumbusho inapaswa kuwa na rejista inayoonyesha kichwa kipi kilipimwa na lini. Kama rejista haipo, usitoboe ukuta, usibandue bodi, usipige msasa. Kazi hiyo ni ya watu wenye leseni. Rangi ya zamani nayo ina risasi, kwa hiyo barakoa ya vumbi si ya hiari.

Hatua ya pili: andika kabla hujafungua

Piga picha. Kisha piga nyingine kutoka mbali zaidi, kwa sababu ile ya karibu haitakuonyesha bomba lilitokea wapi. Kila waya upewe lebo ncha zote mbili, kila bolti iingie kwenye mfuko ulioandikwa. Kwa wenye gereji haya ni ya kawaida. Makumbusho inadai zaidi: kikundi kiamue, na kiandike, kama kichwa kitaendeshwa au kitaonyeshwa tu. Kinachoendeshwa kitabadilishwa vipuri na ushahidi wa mafundi wa zamani utapotea kidogo kidogo. Kinachoonyeshwa kinaweza kubaki na mikwaruzo yake yote. Mimi niko upande wa kuviendesha vile ambavyo viko vingi, na kuviacha kama vilivyo vile vilivyobaki kimoja. Kwa vyovyote vile, kipuri cha asili kinachotolewa kihifadhiwe na lebo yake, na kabla ya kukwangua rangi acha dirisha dogo linaloonyesha tabaka zote, moja baada ya nyingine, hadi kwenye chuma.

Hatua ya tatu: maji ya kupoza injini

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Hayajali kama yako ndani ya rejeta, kichwa cha silinda au bloku. Usiku mmoja wa baridi kali unatosha kupasua chuma ambacho hakuna kiwanda kitakachokuuzia kingine. Ndiyo maana vikundi vingi humwaga maji yote mwisho wa msimu, au hata baada ya kila siku ya kazi ya majira ya baridi.

Kumwaga kunaonekana kazi ya mtoto: fungua vali, subiri, funga. Angalia kwa karibu zaidi. Fungua vali ya chini ya injini na maji yanatoka kwa nguvu, yanapungua, yanadondoka, yanakoma. Chukua kipande cha waya mgumu ukiingize kwenye tundu lilelile. Mara nyingi utahisi kitu laini, matope ya kutu, na ukikisukuma maji yanaanza upya, ya kahawia, ndoo nzima nyingine. Vali iliyokoma kudondoka haijasema kwamba ni tupu. Fanya hivyo kwa kila vali moja moja, ukifuata orodha: bloku, rejeta, kipoza oili, pampu, na ile hita ya kabini ambayo kila mtu huisahau. Ziache wazi. Kisha tundika karatasi juu ya kitufe cha kuwashia: HAKINA MAJI, tarehe, jina.

Unapojaza tena, tumia dawa ileile ya kuzuia kutu ambayo kikundi kinatumia. Usichanganye aina mbili. Jaza polepole, toa hewa kwenye sehemu za juu, kiache kichwa usiku kucha, asubuhi upime kimo cha maji. Kama kimeshuka na sakafu ni kavu, maji yameingia ndani ya injini, na hapo hakuna mtu wa kuwasha chochote.

Hatua ya nne: oili na mafuta

Maji huzama chini ya oili, kwa hiyo kijiti cha kupimia hakitakuambia kitu mpaka hali iwe mbaya sana. Chota sampuli kutoka chini kabisa ya sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Oili yenye rangi ya maziwa imeshajieleza. Iliyo safi kwa macho, dondosha tone moja kwenye bamba la chuma lenye moto: ikitoa moshi kimyakimya ni salama, ikichachatika kama kitunguu kwenye mafuta, kuna maji. Kwa uhakika peleka chupa maabara angalau mara moja kwa msimu. Watakupa kiasi cha shaba, chuma, risasi na sodiamu. Namba moja peke yake haina maana kubwa. Namba za miaka mitano mfululizo zitakuonyesha beringi inayoanza kulika kabla haijapiga kelele.

Kwenye tangi la dizeli, toa maji chini kila mara kabla ya kuwasha. Dizeli ya siku hizi huchanganywa na mafuta ya mimea, nayo huvuta unyevu. Pale maji na mafuta yanapokutana huota ute mweusi wa vijidudu unaoziba filta. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, na hewa ndiyo inayoleta umande. Kama bajeti inaruhusu, kichwa kilale na tangi limejaa.

Hatua ya tano: umeme

Hapa ndipo penye kuua, na ndipo fundi magari anapotakiwa kuwa mnyenyekevu. Mfumo wa kuwashia na kuongozea ni wa volti 110 za betri. Jenereta kuu hutoa mamia ya volti na ampea zaidi ya elfu. Usifungue kabati lolote la umeme injini ikizunguka, na usimwamini anayesema "huu waya hauna kitu".

Anza na betri. Vua saa na pete. Pima kila seli kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, na uandike kila namba, kwa sababu seli moja iliyoko nyuma ya wenzake ndiyo itakayowaangusha wote. Ongeza maji yaliyotoneshwa tu, baada ya kuchaji, na milango ya masanduku iwe wazi maana chaji hutoa haidrojeni. Betri isiyo na chaji huganda kwa urahisi. Yenye chaji kamili huvumilia baridi kali kuliko yoyote utakayoiona Uingereza. Hii peke yake ni sababu ya kutosha kuweka chaja ndogo majira yote ya baridi. Kumbuka pia kwamba kichwa hiki hakina stata kama ya lori: betri hulilisha jenereta kuu, nalo huzunguka kama mota na kuisukuma injini nzima. Betri dhaifu huigeuza injini nusu mzunguko na kuishia hapo.

Kisha brashi za kaboni, za jenereta na za mota sita. Inua springi, vuta brashi, irudishe: iteleze yenyewe bila kukwama. Ile pete ya shaba inayoguswa na brashi iwe na rangi ya chokoleti, laini, inayong'aa kidogo. Shaba tupu yenye michirizi ni dalili mbaya, na madoa meusi yaliyopangana kwa mpangilio ni mabaya zaidi. Usiiguse kwa karatasi ya msasa ya chuma. Punje zake hupitisha umeme na hukaa katikati ya vipande vya shaba. Tumia kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Vumbi la kaboni linyonywe kwa mashine, lisipulizwe, maana ukilipuliza unalipeleka ndani zaidi, na vumbi hilo ndilo njia ambayo umeme mkubwa huifuata kuruka mahali usipotakiwa.

Mwisho pima insulesheni ya nyaya na mota kwa mega, kifaa cha kupimia kama umeme unavuja, watu wawili, vifaa vyovyote vya kielektroniki vilivyoongezwa baadaye vikiwa vimetenganishwa. Namba ikiwa ndogo baada ya majira ya baridi, usikate tamaa wala usiagize mota mpya. Mara nyingi ni unyevu. Weka hita za umeme chini ya mota, funika na turubai, upime tena baada ya siku kadhaa. Namba inayopanda kila siku ni ya kitu kinachokauka. Isiyopanda ndiyo ya kumwita mtaalamu.

Hatua ya sita: kuwasha kwa mara ya kwanza

Kichwa kilicholala miezi mingi hakiwashwi kwa kubonyeza kitufe. Maji au dizeli ikiwa imekusanyika juu ya pistoni, injini ikizungushwa kwa nguvu kitu hicho hakibanwi. Kitakachokubali kupinda ni fimbo ya pistoni. Kwa hiyo fungua vali ndogo za kupimia kwenye silinda zote, au kama aina yako haina, toa injekta. Zungusha injini kwa mkono, kwa nyenzo, mizunguko miwili kamili, mtu mmoja akisukuma na mwingine akitazama kila tundu kwa tochi. Kikitoka kitu, simama, tafuta kimetoka wapi.

Halafu washa pampu ya oili ya umeme na usubiri mpaka oili ionekane juu kabisa, kwenye vyuma vinavyofungua vali. Geji ya presha isikudanganye. Oili inaweza kuwa imefika kwenye geji na haijafika juu. Wakati wa kuwasha, mmoja awe kabini, mmoja chumba cha injini karibu na kizimio cha dharura, mmoja nje akitazama bomba la moshi, na wote wakubaliane ishara mapema, maana sauti haitasikika. Aliye ndani avae vizibo vya masikio na asisimame mbele ya milango ya krenki, ile iliyo ubavuni mwa injini. Milango hiyo isifunguliwe mara tu baada ya kuzima injini yenye moto: mvuke wa oili ulio ndani ukikutana na hewa na sehemu iliyopata joto kupita kiasi hulipuka. Subiri robo saa, na zaidi kama kuna harufu ya kuungua.

Moshi mweupe dakika za mwanzo ni wa kawaida. Ukiendelea baada ya injini kupata joto, kuna silinda isiyochoma. Usiiache ikinguruma bila mzigo asubuhi nzima kwa ajili ya watu wa kamera. Ikikaa hivyo mafuta yasiyochomwa na oili hujilimbikiza kwenye njia ya moshi, na siku ya kwanza ya mzigo hushika moto. Deltic, kichwa kikubwa zaidi cha kampuni hiyohiyo, inajulikana kwa hilo. Wakati wa kuzima, iache itulie dakika chache, kisha baada ya injini kunyamaza sikiliza turbo ikiendelea kuzunguka yenyewe. Hesabu sekunde mpaka isimame na uziandike. Muda huo ukianza kufupika mwezi baada ya mwezi, beringi za turbo zinakuaga.

Hatua ya saba: breki

Class 37 kilijengwa kikiwa na breki ya hewa yake mwenyewe na ya vakumu kwa mabehewa. Baadaye vingi viliongezewa breki ya hewa ya treni. Kwa hiyo unaweza kukuta mifumo miwili imebebana chini ya sakafu moja, yenye mipira ya umri tofauti. Toa maji kwenye mitungi ya hewa kila baada ya kazi. Mitungi yenyewe hukaguliwa na mtu mwenye sifa, kwa ratiba iliyoandikwa. Hilo ni sharti la kisheria. Ukibadilisha viatu vya breki, rekebisha urefu wa mwendo wa pistoni zake. Na kazi ya breki isisainiwe na aliyeifanya peke yake. Mwingine aikague, hata kama wewe una uzoefu wa miaka 30.

Hatua ya nane: bodi na rangi

Kutu huanza chini ya madirisha ya kabini, pembeni mwa paa, kwenye masanduku ya betri na ukingo wa chini wa bodi. Kata mpaka ufikie chuma kizima. Ukichomelea, kibano cha waya wa kurudishia umeme kiwe karibu kabisa na unapochomea, kwenye bodi hiyohiyo. Ukikibana kwenye reli au gurudumu, umeme wa kuchomelea utapita ndani ya beringi za ekseli na kuzichimba vitobo ambavyo hutaviona mpaka zianze kuunguruma. Tenganisha betri. Nyuma ya bodi kuna masalio yaliyolowa oili kwa miongo, kwa hiyo mtu abaki na kizima moto saa nzima baada ya cheche ya mwisho.

Rangi ni suala la kulingana na kipindi. Ukichagua kijani cha miaka ya mwanzo, usiache taa na mabomba ya miaka ya 1980. Tazama na pua yenyewe: vya awali vilikuwa na visanduku viwili vya namba za treni, vya baadaye kimoja katikati. Wageni hawatajua. Wanaojua watakuandikia.

Hatua ya tisa: spea

English Electric ilimezwa na GEC mwaka 1968, kwa hiyo usitafute duka. Tafuta majirani. Class 20, 40 na 50 zina injini za familia hiyohiyo, zenye silinda 8 au 16, na vipuri vingi huingiliana. Gasketi na ringi za pistoni huagizwa kwa pamoja na vikundi kadhaa, ndipo bei inapovumilika. Kichwa kikienda kukatwa, pesa zenu ziende kwanza kwenye vichwa vya silinda, injekta na mota, kabla mtu hajaanza kugombania vibao vya namba.

Hatua ya kumi: kukirudisha barabarani

Anza bila mabehewa, kwenye reli yenu wenyewe, ambazo nyingi zina kikomo cha maili 25 kwa saa. Simama baada ya kilomita chache na upime joto la kila beringi ya ekseli. Unayotafuta ni ile iliyo tofauti na wenzake. Namba yenyewe haikuhangaishi sana. Kagua oili ya beringi zinazobeba mota. Rudi, tazama uvujaji, kaza kilicholegea, nenda tena. Mzigo uongezwe behewa moja au mawili kwa wakati.

Karatasi ya siku ijazwe kabla hujavua overoli: saa za injini, oili na maji yaliyoongezwa, presha ya oili baridi na moto, sekunde za turbo, joto la beringi, na kila kasoro hata ile uliyoitengeneza papo hapo. Aliyezima injini asaini. Nakala moja ibaki kabini, nyingine iende ofisini, na tarehe ya sampuli ya oili inayofuata iandikwe juu kulia.